Friji la Dawa ya Skola

Makongoro alikuwa mkulima na mfugaji. Aliishi na mkewe Petronila na binti yao katika kijiji kilichoko nyuma ya vilima, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kutoka Butiama mjini. Nguzo za umeme zilikuwa zimefika senta tu. Kutoka senta mpaka kwake ni kilomita saba za vumbi wakati wa kiangazi, na kilomita saba za tope wakati wa masika.

Kila asubuhi mambo yalikwenda vilevile. Makongoro alikamua ng'ombe. Petronila aliwasha moto, akabandika uji. Binti yao Scholastika, ambaye watu wote walimwita Skola, alifungua friji na kutoa chupa ndogo ya dawa. Alivuta dawa kwa bomba la sindano, akajichoma tumboni. Kisha akakaa kusubiri uji.

Skola alikuwa na miaka kumi na miwili. Alianza kuugua kisukari akiwa na miaka tisa. Mwili wake hautengenezi insulini, kwa hiyo lazima adungwe insulini kila siku. Asipoipata, sukari hupanda katika damu na maisha yake huwa hatarini. Mwanzoni alikuwa analia kila akiiona sindano. Sasa alikuwa anajichoma mwenyewe huku akiimba.

Insulini hutaka ubaridi. Ndiyo maana Makongoro alijitahidi mpaka akapata sola. Alikwenda Bunda, akarudi na paneli moja, betri ya lori, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa matumizi ya nyumbani, na friji la mtumba lenye kimo cha mtu. Siku ile kijiji kizima kilikuja kuangalia. Makongoro alifunga kila kitu kwa mikono yake. Paneli aliiweka juu ya paa la jiko, karibu na mti wa mgrevilea, ili waya uwe mfupi. Friji akaliweka jikoni.

Baada ya hapo mambo yaliongezeka. Petronila alianza kuweka soda na maji ya kuuza ndani ya friji. Balbu nne za njano zilifungwa. Ikaja televisheni. Majirani wakawa wanaleta simu zao kuchaji.

Lakini baada ya muda kukatokea tatizo. Kila siku ilipofika saa tisa alasiri, inveta ilipiga kelele, piii, piii, kisha ikazima. Friji likanyamaza. Halikuwaka tena mpaka kesho yake jua likiwa juu.

"Baba Skola, hili friji si zima," Petronila alisema mara nyingi. "Linazimaga mapema mno. Wateja wanalalamika soda ni ya vuguvugu."

"Soda si hoja," Makongoro alijibu. "Dawa ndiyo hoja. Mimi ninaigusaga kila jioni. Inakuwaga na ubaridi wake."

Na kweli alikuwa anaigusa. Alishika ile chupa ndogo kiganjani, akaona haichomi, akairudisha. Roho yake ikatulia.

Mwezi wa Februari joto lilikuwa kali. Skola akaanza kuwa na kiu isiyoisha. Alikunywa maji, akaenda chooni, akarudi kunywa tena. Petronila alitaka kumpima sukari kwa kile kipimo chao kidogo, lakini vibandiko vya kupimia vilikuwa vimeisha.

"Ni joto hili," Makongoro alisema. "Hata mimi nakunywa sana."

Siku ya tatu, Skola alitapika darasani. Mwalimu wake alimkuta anahema haraka haraka, kama mtu aliyetoka kukimbia. Pumzi yake ilinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Mwalimu hakungoja. Alimpigia simu Makongoro, akamsimamisha mtu wa bodaboda.

Makongoro na Petronila walimfikisha Butiama, wakapewa gari la wagonjwa, wakafika hospitali ya Musoma Skola akiwa hajui tena alipo. Makongoro alimbeba mwenyewe kutoka kwenye gari mpaka kitandani. Miguu ya binti yake ilikuwa inaning'inia. Alishangaa jinsi ilivyokuwa mirefu. Ilikuwa miaka mingi tangu ambebe mara ya mwisho.

Skola alifungua macho siku ya pili. Akaomba maji. Petronila akapiga magoti palepale wodini, akashukuru.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwaita nje.

"Mlifanya vizuri kumleta haraka," alisema. "Mngechelewa kidogo tungemkosa. Sasa niambieni. Sindano alikuwa anachoma?"

"Kila siku, daktari," Petronila alisema. "Hajaruka hata siku moja. Dawa yenyewe hii hapa."

Daktari aliitazama ile chupa. "Dawa mnaiweka wapi?"

"Kwenye friji," Makongoro alisema kwa haraka. "Tunalo friji."

"Friji linafanya kazi saa zote?"

Makongoro alimgeukia mkewe. Petronila ndiye aliyejibu. "Linazimaga saa tisa. Linawaka asubuhi."

Daktari alitikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo dawa inapoa, inapata joto, inapoa, inapata joto. Kila siku. Na friji lililozimwa jikoni ni sanduku la joto tu. Dawa hii imepoteza nguvu. Mtoto alikuwa anajichoma, lakini ni kama anajichoma maji."

Makongoro aliangalia mikono yake. Ni mikono hiyohiyo iliyokuwa inashika chupa kila jioni na kumwambia kuwa mambo ni sawa.

Waliporudi kijijini, walipita kwanza zahanati. Nesi wa pale alikuwa Dafroza, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Alimkumbatia Skola, kisha akawaeleza la kufanya.

"Chupa ambazo hazijafunguliwa mtaziacha hapa kwangu," alisema. "Friji letu halizimi. Nyumbani mtakaa na chupa moja tu, ile anayoitumia. Hiyo inaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne, ila isipate joto kali. Mama Skola, una vyungu viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo?"

"Ninavyo."

"Kidogo kiingize ndani ya kikubwa. Katikati jaza mchanga. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Dawa iweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko, lile kopo uliweke ndani ya chungu kidogo, halafu funika na kitambaa kibichi. Weka kivulini, pahali penye upepo. Hiyo itawasaidia wakati mnatengeneza friji lenu."

"Friji si bovu," Makongoro alisema. "Umeme ndio hautoshi."

"Basi mwite fundi Sabiha wa Musoma. Ndiye aliyetutengenezea sola ya hapa. Zamani na sisi ilikuwa inazima. Tuliharibu chanjo mpaka nikalia."

Jioni ile jirani yao Clementi, ambaye naye alikuwa na paneli ndogo ya taa kwake, alikuja kuwapa pole. Alisikiliza habari yote, akapiga paja lake.

"Hakuna haja ya fundi," alisema. "Mambo ni rahisi. Paneli moja haitoshi, nunua tatu. Uza madume mawili mnadani, umemaliza kazi."

Makongoro aliona maneno hayo yana maana. Alikuwa tayari kuuza hata zizi zima. Lakini Petronila alisema, "Tumsikilize kwanza huyo fundi. Tulishafanya kwa kukisia mara moja. Nimeona kukisia kulikotufikisha."

Fundi Sabiha alikuja Jumamosi, saa tatu asubuhi, na begi la vifaa mgongoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye ushungi wa bluu na buti za kazi. Ufundi alijifunza kwa baba yake, mzee Said, mwenye karakana mjini Musoma.

"Hodi hapa! Shikamoo mzee, shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, karibu fundi," Petronila alisema. "Skola, lete kiti."

"Nitakaa baadaye, mama. Kwanza ninaomba nione jua lenu linavyofanya kazi."

Hakugusa waya wowote. Alisimama uani, akaangalia paa la jiko. Akauliza, "Mzee, ule mgrevilea kivuli chake kinafika wapi mchana?"

Makongoro alifikiri. Alikuwa anaishi na mti ule tangu alipooa, lakini swali hilo hakuwahi kuulizwa. "Sijui," alisema.

"Saa saba kinafika kwenye paneli," Skola alisema. "Saa nane kinaifunika yote. Ninaonaga tukirudi kutoka shule kula mchana."

Sabiha alicheka. "Basi huyu ndiye fundi mwenzangu. Paneli haitaki kivuli hata kidogo. Kivuli kikifunika kona moja tu, umeme unapungua sana. Hapa mnapata jua la asubuhi peke yake. La mchana lote linaishia kwenye majani."

Akaegemeza ngazi, akapanda. Akapitisha kidole juu ya paneli, akakiinua. Kidole kilikuwa cheusi. Moshi wa jiko na vumbi la barabara vilikuwa vimeshikana kama rangi.

"Mama, hii mmeiosha lini?"

"Kumbe inaoshwaga?" Petronila alishangaa.

"Inaoshwa. Kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Asubuhi na mapema, kioo kikiwa bado cha baridi. Maji na kitambaa laini, basi. Msiimwagie maji ya baridi mchana ikiwa imepata moto, kioo kinaweza kupasuka."

Kisha akaingia jikoni. Moto ulikuwa unawaka mafiga yakiwa hatua tatu kutoka kwenye friji. Mgongo wa friji ulikuwa umegandamana na ukuta. Sabiha alichukua kipande cha karatasi, akakiweka mlangoni, akafunga mlango juu yake. Halafu akakivuta. Kikatoka bila kushikwa na kitu.

"Mmeona? Mpira wa mlango umechoka. Mlango mzima ungeishika hii karatasi. Baridi inatoka hapa mchana kutwa, na joto la moto linaingia hapahapa. Friji halipumziki. Na mkiuza soda, mlango unafunguliwa mara ngapi kwa siku?"

"Mara thelathini. Siku ya mnada hata hamsini," Petronila alisema kwa sauti ndogo.

Sabiha aligusa inveta. "Wekeni mkono hapa. Friji nimelichomoa kwanza, taa zimezimwa, televisheni imezimwa. Lakini inveta ina joto. Hilo joto ni umeme wenu. Inakula hata kama hamtumii kitu."

Alizitazama balbu za njano, akatoa begini taa ndogo nyeupe. "Balbu moja ya hizi zenu inakula umeme wa taa sita za namna hii. Na mwanga ni uleule."

Mwishoni akapima betri. Alikunja nyaya za kipimo, akazirudisha begini. Kisha akakaa kwenye kile kiti alichowekewa tangu asubuhi.

"Mzee Makongoro, wewe ni mfugaji. Nitakueleza kwa lugha ya zizi. Paneli ni ng'ombe wako. Umeme ni maziwa. Betri ni kibuyu cha kuhifadhia. Hivi vifaa vyote ni wanywaji. Sasa, ng'ombe wako umemfunga mahali hapana majani, anatoa kidogo. Kibuyu kimetoboka. Na wanywaji ni wengi, tena wengine wanamwaga chini. Ukileta ng'ombe wawili zaidi, je, utashiba?"

Clementi, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, alikohoa.

"Maziwa yatamwagika zaidi," Makongoro alisema.

"Ndiyo hivyo. Kwanza tunazuia kumwaga. Halafu ndipo tunaongeza."

"Na kibuyu kimetobokaje? Betri hii ni nzito, ni ya lori kubwa."

"Betri ya lori imetengenezwa kuwasha injini. Inatoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, halafu lori lenyewe linaijaza. Wewe unainyonya taratibu mpaka tone la mwisho, kila siku. Haikuumbwa kwa kazi hiyo. Imekufa, mzee. Inajaa saa tano, inaisha saa tisa."

Makongoro alisimama, akatoka nje. Alikwenda mpaka kwenye zizi, akashika mti wa uzio. Sabiha akamfuata. Hakumkaribia sana.

"Fundi," Makongoro alisema bila kugeuka, "mimi ndiye nilifunga vile vitu vyote. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuumiza mtoto wangu?"

"Hapana, mzee. Mtu asiyejali asingenunua hata balbu moja. Wewe ulileta friji kutoka Bunda kwa ajili ya dawa. Hakuna aliyekueleza namna ya kulitumia. Mimi nimeingia nyumba nyingi huku, kuanzia Butiama mpaka kando ya ziwa. Paneli kwenye kivuli nimezikuta nyingi mno, mpaka nimeacha kuhesabu."

Makongoro alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Haya," alisema. "Nielekeze. Mara hii nitauliza kila kitu."

Na kweli aliuliza. Siku ile ile walihamisha paneli na kuipeleka kwenye paa la ghala, mahali ambapo hapakuwa na mti wala moshi. Sabiha aliiinamisha kidogo kuelekea kaskazini.

"Kwa nini umeinamisha?" Makongoro aliuliza.

"Huku kwetu jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo haihitaji kusimama sana. Lakini ikilala kabisa, maji ya mvua yatatuama na kuacha tope. Ikiinama kidogo, mvua inaiosha."

Mgrevilea haukukatwa. Petronila aliupenda, na sasa haukuwa na kosa lolote.

Wiki mbili baadaye Sabiha alirudi na vifaa vipya. Makongoro alikuwa ameuza dume moja, si mawili. Waliongeza paneli moja inayolingana na ile ya kwanza. Wakaweka betri iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, na kifaa kidogo ukutani kinachoitwa kontrola. Kazi yake ni kuilinda betri isijazwe kupita kiasi wala kunyonywa mpaka ikauke. Balbu za njano zote zikatoka, zikaingia taa nyeupe ndogo.

Lile friji refu likaondoka. Mahali pake likaja friji dogo la sola, linalofunguka juu kama sanduku.

"Mbona dogo hivi?" Petronila aliuliza. "Na mlango uko juu?"

"Baridi ni nzito, mama. Inakaa chini. Ukifungua mlango wa mbele inamwagika yote miguuni kwako. Ukifungua juu, inabaki ndani. Halafu hili linatumia umeme wa betri moja kwa moja, halihitaji inveta. Inveta mtaiwasha mkitaka televisheni tu, mkimaliza mnaizima."

Friji liliwekwa chumba cha mbele, mbali na moto na mbali na jua la dirishani. Sabiha aliacha nafasi ya kiganja kimoja kati yake na ukuta, ili lipumue. Akajaza chupa kadhaa za maji na kuzipanga chini.

"Hizi si za kuuza," alimwambia Petronila. "Mchana jua likiwa kali, friji litazigandisha. Usiku zitasaidia kutunza baridi. Soda na maji ya kuuza weka asubuhi, usiweke jioni. Wateja wa jioni wape zilizokwisha kupoa."

Mwisho alimpa Skola kipimajoto kidogo. "Hii ni kazi yako. Dawa ya sindano inataka nyuzi joto kati ya mbili na nane. Ikizidi nane, dawa inaanza kuchoka. Ikiganda, imeharibika kabisa, msiitumie hata ikiyeyuka. Kwa hiyo iweke katikati, kwenye kopo lake. Isigusane na barafu. Soma asubuhi, soma jioni, andika."

Skola alichora mistari kwenye daftari. Jioni ile akaandika namba ya kwanza: tano. Kesho yake asubuhi akaandika: nne. Akaja mbio zizini na daftari mkononi. "Baba! Nne! Halijazima usiku kucha!"

Makongoro aliacha kukamua. Aliitazama ile namba, akampapasa kichwa.

Baada ya mwezi mmoja nesi Dafroza alikuja mwenyewe kuangalia. Alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Siku hiyo ndipo alipowarudishia chupa zilizobaki.

Masika yalipokolea, ndipo mtihani wenyewe ulipokuja. Mawingu yalifunika vilima siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumamosi, kulikuwa na mechi ya mpira ya watani wa jadi. Tangu saa tisa watu walianza kufika kwa Makongoro na viti vyao, kama walivyozoea. Clementi alikuja wa kwanza, amevaa jezi.

Makongoro alikwenda kuiangalia kontrola ukutani. Taa ya kijani ilikuwa imezimika. Taa ya njano ilikuwa inawaka. Alikumbuka maneno ya Sabiha: njano ni dalili kwamba betri imefika nusu, na kila mnywaji asiye wa lazima akae pembeni.

Alitoka nje. Watu kumi na watano walikuwa wanamtazama. Yeye mwenyewe alikuwa ameisubiri mechi ile wiki nzima.

"Ndugu zangu," alisema, "leo televisheni haiwaki."

"Imeharibika?" Clementi aliuliza.

"Ni nzima. Lakini jua halijatoka siku tatu. Umeme uliobaki ni wa dawa ya Skola. Redio ninayo, ndogo ya betri. Tutasikiliza."

Kulikuwa na manung'uniko. Mtu mmoja alisema kwamba saa mbili tu haziwezi kumaliza betri. Clementi ndiye aliyegeuka. "Wewe ulikuwepo siku mtoto anapelekwa Musoma?" alimuuliza. "Mimi nilikuwepo. Washa redio, Makongoro."

Wakasikiliza mechi kwa redio, wamebanana barazani huku mvua inanyesha. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele mpaka watu wakaona mpira bila kuuona. Bao lilipofungwa, Clementi alirusha kofia yake ikaangukia kwenye tope. Jioni Skola alifungua friji na kusoma kipimajoto. Sita. Jumapili jua likatoka kidogo. Jumatatu likawaka kabisa, na taa ya kijani ikarudi.

Wiki iliyofuata Clementi alikuja mapema asubuhi. Alisimama uani, akasitasita. "Naomba ngazi yako," alisema. "Nataka nikaguse paneli yangu kwa kidole."

Mwezi wa Juni, Makongoro na Skola walikwenda Musoma kliniki. Daktari yule yule alimpima Skola. Aliangalia majibu, akaangalia daftari la kipimajoto, akamwangalia Skola.

"Sukari yake imetulia miezi mitatu sasa," alisema. "Umeongezeka kilo nne, binti. Darasani vipi?"

"Nimekuwa wa pili," Skola alisema. "Zamani nilikuwaga nasinzia."

Kutoka hospitali hawakwenda stendi. Walichukua bajaji mpaka kwenye karakana ya mzee Said. Makongoro alikuwa amebeba jogoo mmoja na galoni ya maziwa mgando. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia Sabiha. Alitaka yawe maneno mazuri, ya mtu mzima.

Sabiha alikuwa ameinama mezani, anaunganisha nyaya. Alipomwona Skola aliruka. "Fundi mwenzangu! Umerefuka! Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Makongoro alimkabidhi jogoo na galoni. Yale maneno aliyoyapanga yote yakapotea. "Tumetoka kliniki," alisema. "Mtoto ni mzima. Asante. Sina neno lingine. Asante sana. Mungu akutunze, akutunzie na mikono yako."

Sabiha aliinamisha kichwa. Mzee Said, aliyekuwa kwenye kona anapanga skrubu, alisema, "Alhamdulillahi," akafuta miwani yake.

Kando ya meza alikuwa amekaa mama mmoja mwenye kanga ya njano. Sabiha alimwonyesha.

"Mzee, huyu ni mama Raya, ametoka Murangi. Anauza samaki. Mama yake mzazi anachoma insulini kama Skola, na friji lao linazima kila siku. Anataka nimwongezee paneli mbili. Nimemweleza tangu saa nne, haniamini. Anaona namnyima biashara."

Mama Raya alimtazama Makongoro. "Friji langu ni zima kabisa," alisema. "Linazimaga jioni tu. Na dawa ninaigusaga mwenyewe."

Makongoro alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote habari ile kwa kinywa chake. Kijijini waliijua, lakini si kwa kuisikia kwake. Siku zote wengine ndio waliosimulia, na yeye alikuwa anaangalia pembeni. Basi la Butiama lilikuwa linaondoka saa tisa, na ilikwishapita saa nane.

Alivuta kigoda, akakaa karibu na mama Raya. Akamwambia Skola naye akae.

"Dada yangu," alisema, "hata mimi nilikuwa ninaigusa. Binti huyu unayemwona alikaribia kufa, na mimi baba yake nilikuwa ninaigusa dawa kila jioni na kusema ni baridi. Sikiliza nikueleze."